Mtama na Majani, Kwa Jiwe

Jiwe langu la kusagia lilikuja lenyewe,
usiku, kwa miguu ya moto.
Lilipita kwanza kwa Kavugho, likala jiko na vitanda,
kisha likaingia kwangu bila hodi, likachoka, likalala.
Tulipojenga tena juu yake, fundi alitaka kuvunja yote.
Nikamwambia, hiki kipande niachie:
kina vitundu na mikwaruzo, kama ulimi wa ng'ombe.

Mtama nimeuloweka tangu jana jioni.
Mzima, na ganda lake jekundu. Sikuupeleka mashineni.
Bisimwa, mtoto wa shemeji, anachungulia sufuria:
"Mama mdogo, huu si wa kasiksi? Au tumefuga kuku?"
Chochea makala, namwambia,
kasiksi utainywa kwenu Walungu.

Mtama hauna haraka. Mchele ungekuwa umeshaiva,
umeshaliwa, sahani zimeshaoshwa.
Huu unachemka na kunung'unika,
unakunywa nusu bido ya maji tuliyoyapangia foleni,
na bado ukiuma punje inakujibu: ka!
Ngoja.

Nje, juu ya mawe yasiyoota kitu,
nimepanga makopo ya mafuta yenye udongo wa kununua.
Ndiyo, Goma udongo tunanunua, kwa mfuko.
Mrihani. Kotimiri. Seleri iliyokonda.
Navuna bila kung'oa, jani hapa, jani pale,
kama mtu anayekopa kwa majirani wengi
ili asidaiwe sana na mmoja.

Kitunguu saumu kwanza, na chumvi.
Halafu karanga, nilizozikaanga hadi zikapata madoa.
Halafu majani, konzi kwa konzi,
na jiwe linayalamba, linayalamba,
mpaka kijani kinashuka kwenye vitundu vyake vyeusi
na mkono wangu unanukia hadi kiwikoni.
Mafuta ya alizeti, uzi mwembamba tu.
Mawese hapana: yangegeuza kila kitu kuwa sombe.
Mwisho, jibini ya Masisi. Barabara ikifungwa
jibini inapanda bei kuliko nyama,
basi nimetunza gamba lake, limekauka kama kisigino.
Nalikwangua hapo hapo. Jiwe halibagui.

Nauma punje nyingine. Kimya.
Mtama umepasua midomo lakini haujapondeka.
Namwaga maji, nachanganya ungali moto,
sambaza wa kukaanga pembeni.
Bisimwa ameacha habari za kuku.
Anafuta jiwe kwa kidole, anakilamba, anafuta tena.

Sahani moja ni ya Kavugho.
Majani yake siyasagi hapa.
Nayatwanga kwenye kinu cha mti, peke yake,
tangu mwaka ule. Hatujawahi kulizungumza.
Anakula akiwa amesimama mlangoni pangu,
pale pale lilipopoa,
uso kaugeuzia barabara.
"Chumvi haitoshi," anasema.

Naingia kuleta chumvi.