Dakika Tatu za Bi Yasue

Saa nne na dakika kumi na saba, sekunde sifuri.
Nanyoosha kidole cha glavu nyeupe kuielekea taa,
natamka kwa sauti kama nilivyofundishwa: "Kijani. Twende,"
ingawa ndani ya behewa hili moja
hakuna wa kunijibu ila injini ya dizeli
inayokohoa kama mvuta tumbaku alfajiri.

Leo ninao kumi na mmoja.
Tisa ni wageni wa mjini, kamera shingoni,
wamekuja kuona majani yakiwaka mlimani kabla ya theluji.
Kwa ajili yao kampuni imeniagiza: ukifika darajani, jikokote.
Basi najikokota. Mto uko chini kabisa, kijani cha shaba iliyosahauliwa,
nao wanahamia wote dirisha la kushoto
hata behewa, naapa, linaegemea.

Wa kumi ni mwuza mbegu, amelala tangu kituo cha kwanza.
Wa kumi na mmoja ni Bi Yasue Kuwabara.
Yeye hatazami daraja.
Amepakata ufunguo uliofungwa ndani ya leso
kama mtu aliyebeba yai.

Handaki. Nuru. Handaki.
Majaruba yameshavunwa, yamebaki mabua
na yangeyange mmoja anayekagua kazi ya watu.
Barazani kwa mtu, matunda ya kaki yaliyomenywa
yananing'inia kambani, yakikunjamana bila haraka.

Kituo cha Mizukoshi hakina mhudumu tangu Mzee Kuwabara afariki.
Kina benchi, ndoo ya miavuli ya kuazima,
na chini ya upenu, saa ambayo kampuni ilitaka kuing'oa.
Reli ni moja: lazima nisubiri dakika nane
treni ya kutoka juu ipite.
Dakika nane zinamtosha. Anapanda stuli, anafungua kioo,
anazungusha ufunguo mara kumi na nne
(nahesabu naye kimoyomoyo),
anashuka akishikilia ukuta.

Mgeni mmoja anatazama saa yake ya mkononi.
"Mama, hii imetangulia dakika tatu."
"Najua," anasema, akikunja leso.
"Imetangulia tangu mwaka wa mafuriko."

Hamwelezi zaidi. Nami simwelezi,
na kofia hii kichwani, na nembo yake,
kwamba palikuwa na mvulana wa ng'ambo ya mto,
mla tonge huku akitembea, kamba za viatu zikiburura,
aliyeiona saa ile tokea njiani akatoka mbio, machozi yakimlenga,
akafika akihema, akakuta treni haijaja,
na bwana wa kituo akifagia jukwaa lililokwisha fagiliwa,
akisema bila kuinua macho: "Leo umewahi, Tomonori."

Miaka sita. Sikuachwa hata siku moja.
Nilidhani nina mbio.

Treni ya juu inapita. Madereva tunapungiana glavu.
Saa yangu ya mfukoni, inayokaguliwa kila asubuhi,
yasema saa tano kasoro dakika mbili, ondoka.
Ya upenuni yasema nimeshachelewa.
Nanyoosha kidole. Kijani.
Bi Yasue anarudishia mlango wa kituo, hautii kufuli,
anakuja kwa hatua zake fupi, leso mkononi,
na mimi, kampuni inisamehe, sekunde zinanipita
kumi, ishirini,
bado sijatamka.