Meza ya Nje

Jumamosi, saa nne asubuhi, wanaondoka;
saa kumi wanaingia wengine.
Kati ya hao na hao nyumba ni yangu,
mimi na ndoo,
mimi na mashuka ya watu nisiowajua
yenye harufu ya mafuta ya jua na usingizi mrefu.

Naitwa Ghislaine. Nilizaliwa chumba cha juu,
kile ambacho tangazo linakiita Chumba cha Lavenda.
Hapakuwa na lavenda. Palikuwa na viazi
tulivyotandaza sakafuni visipigwe na baridi,
na bibi akikohoa upande wa pili wa ukuta.
Kaka ndiye aliyeuza. Simlaumu: paa lilivuja,
naye yuko Limoges, ana madeni yake.
Akanunua Bwana Lemarchand wa Lyon,
akabandua plasta hadi mawe yakabaki uchi.
Baba alihangaika miaka kuyafunika mawe hayo,
aliona haya watu wasije wakajua.
Sasa mawe ndiyo bei.

Ninahesabu, kama mkataba unavyotaka:
uma kumi na mbili, vijiko kumi na kimoja,
glasi za mvinyo nane, moja ina ufa.
Kitabu cha wageni: "Kimya cha ajabu,
isipokuwa jogoo wa jirani."
Jogoo ni wangu.

Halafu natoka uani kuirudisha meza.
Kanuni ya saba, imebandikwa kwenye friji
kwa lugha nne: meza ya nje isihamishwe.
Mahali pake ni kwenye vigae, kando ya bwawa,
pale ilipopigwa picha.
Nao kila wiki wanaihamisha:
Waholanzi, Wabelgiji,
yule daktari wa Nantes na mama yake kiziwi,
wale vijana sita walioacha chupa arobaini.
Wanaikokota nyasini hadi nyuma ya ghala,
mahali pasipo na cha kutazama,
ukuta tu, na upupu, na bomba linalodondoka.

Hawajuani. Hakuna aliyewaambia.
Ila jua la Julai likishakuchapa siku mbili
utajifunza nyumba upende usipende:
saa kumi na mbili kivuli cha ghala hutua hapo,
hapo tu,
na kaupepo hupanda kutoka bondeni
kupitia mlango wa ng'ombe.
Baba alijua. Meza yetu ilikaa hapo
tangu sijazaliwa, ikachimba mashimo manne
ambayo nyasi ya kununua ya Bwana Lemarchand
imeshindwa kuyaziba.
Meza yake ni fupi kuliko yetu.
Miguu miwili huingia mashimoni;
miwili inakosa, kwa kiasi cha kiganja.

Naikokota kurudi. Kiangazi cha tatu hiki.
Kiuno kinajua kila kigae.

Leo ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti.
Wanakuja watu wa Lille, watoto wanne.
Nimeishika meza upande mmoja, nikavuta,
nikaiachia.
Nimepangusa makombo ya watu wa jana. Nimekaa.
Kijiko cha kumi na mbili kilikuwa majanini,
kimejaa chungu na utamu wa kitu fulani.
Kwenye fomu, penye neno "hitilafu",
nimeandika: hakuna.

Nasikia gari likipinda pale kisimani.
Saa tisa na nusu. Wamewahi.
Kivuli bado hakijafika,
na mimi sijainuka.