Blanketi la Daraja la Pili

Karani wa kliniki ananiuliza bila kuinua macho:
"Kazi yako, mama?"
Mdomo unaitangulia akili: "Mfumaji."
Ni mwaka wa saba huu. Mdomo haukupewa barua.

Barua tulipewa sisi wengine, Ijumaa, getini,
bahasha za kaki zimepangwa kwa alfabeti,
hivyo mimi Bosibori nikaachishwa mapema
na Chepng'etich akabaki mfanyakazi
dakika kumi na mbili zaidi yangu.
"Tunapunguza," alisema meneja,
kama mtu aliyeonja mchuzi akaona tumezidi.

Sikusema nyumbani.
Wiki tatu nilitoka Kaptembwo saa kumi na moja alfajiri,
ovaroli imepigwa pasi, chakula mkebeni,
nikaketi hospitali kuu kwenye foleni ya macho,
maana pale hakuna anayeuliza mbona umekaa.
Saa sita nilikula githeri yangu kati ya wagonjwa.
Siku moja muuguzi aliita jina, hakuna aliyeitika,
nusura niitike mimi.

Friji ndiyo iliyotangulia kuondoka.
Iliacha mraba wa rangi safi ukutani
na Nyaboke, wa miaka minne, akaokota kipande cha makaa
akachora mlango, akachora kishikio,
akaniambia, "Mama, fungua."

Cheti cha Kerubo kimelala kabatini kwa mwalimu mkuu,
kinadaiwa elfu thelathini na nne.
Alama zake tulizisoma kwa simu,
tukashangilia, kisha tukanyamaza.
Anafua nguo za watu kule Milimani.
Hajawahi kunilaumu.
Ningependa anilaumu.

Hata hivyo hayo yana bei, huhesabika.
Asiyehesabika ni Odembo,
Odembo wa kitengo cha rangi, vidole buluu hadi mfupani,
aliyetia sahihi kunidhamini mkopo
tukicheka, kalamu ikivuja.
Niliposhindwa kulipa, chama kilikata akiba yake,
naye ana bahasha ya kaki kama yangu.
Tukionana Shabab, huvuka barabara.

Kila tarehe tano namtumia mia mbili.
Simu husema imethibitishwa. Yeye hasemi.
Julai, baridi ya Menengai ikiuma hata meno,
simu ikalia: nimepokea mia mbili kutoka kwake.
Msamaha? Tusi? Nilikaa nalo swali usiku kucha.
Asubuhi nikairudisha. Jioni akairudisha.
Tukaendelea hivyo siku nne, kimya,
kampuni ya simu ikila ada katikati,
na siku ya tano, simu iliponyamaza,
nililia kama mtu aliyekatiwa mazungumzo.

Usiku tunalala watatu chini ya blanketi moja,
daraja la pili, niliuziwa nusu bei kwa kuwa lina kosa:
uzi umerukwa karibu na pindo,
pakabaki tundu.
Nyaboke hutia humo kidole gumba cha mguu
ndipo apate usingizi.
Ana miaka kumi na mmoja sasa; tundu limekua naye.
Kosa lile nalijua. Mashine namba kumi na saba,
zamu ya usiku, nilisinzia kidogo tu,
msimamizi akaandika jina langu daftarini.

Sindano ninayo. Uzi wa rangi ile ile ninao.
Silizibi.