Dola Kumi na Tisa

Ramani tumeitandaza juu ya meza ya jikoni:
kichupa cha chumvi kimeikandamiza kona ya kaskazini,
kikombe cha Metro kimekalia nusu ya Manitoba.
Dola mia tatu na arobaini.
Nimezihesabu mara mbili; mara ya pili
hazikuongezeka.

Petroli kwanza. Gari letu hunywa kama ng'ombe
aliyetoka kulamba chumvi,
na kote kusini mwa Saskatchewan, njia tutakayoshika,
pampu ni moja, ya ushirika,
hufungwa saa kumi na moja jioni
hata ukiwa umezimikiwa mlangoni pake.
Tujaze hapa, Metro, tujaze pomoni.
Kiyoyozi tusikiguse. Madirisha yapo.

Chakula: mayai ya kuchemsha, dazeni moja,
mkate mweusi, soseji, mtungi wa matango ya siki.
Metro anataka pai ya beri kwenye mkahawa wa stesheni ya zamani.
"Kipande kimoja," nasema, "uma mbili. Dola sita."
Nikigeukia birika, anaandika: viwili.

Malazi: usiku wa kwanza na wa pili kwa binamu yangu Verna.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
ila kwa Verna unapewa glavu kabla hujavua viatu,
na ndama hawajui kwamba uko likizo.
Usiku wa tatu, kiwanja cha kambi cha kijiji:
dola kumi na mbili ndani ya kisanduku cha bati,
hakuna mlinzi.

Tukikutana na mashine ya kuvunia, pana kuliko barabara,
tutaegesha kwenye nyasi, tusubiri ipite.
Kusubiri hakuna bei.
Kanola itakuwa imekwisha kuchanua; sitaki kusikia malalamiko.

Siku ya nne kidole changu kinashuka njia ya changarawe,
kinasita pasipo jina.
Shamba la baba yake liliuzwa mwaka ule wa ukame
kwa kampuni iliyoitwa kwa namba.
Nyumba waliichoma, trekta lipite bila kukata kona.
Kilomita sitini na nane kwenda, sitini na nane kurudi:
dola kumi na tisa.
Hatuna dola kumi na tisa.

"Kuna nini kule," anasema Metro. "Ngano tu."
Anakwangua lebo ya mtungi kwa ukucha.
Friji inanguruma, inanyamaza.

Kisha anachukua penseli,
anafuta pai. Vipande vyote viwili, hata kile
nilichokwisha kumruhusu.
Nami nafuta kambi: viti vya gari vinalala,
na mgongo wangu umeshazoea mambo.
Sita na kumi na mbili.

Bado moja.
Metro ameinuka. Namsikia sebuleni
akiinua mito ya kochi,
mmoja, halafu mwingine.