Ile ya Mrefu Anayelia

Hakuna ajuaye jina la filamu hapa Kongowea.
Waja kibandani kwangu, nyuma ya wauza vitunguu,
wananyoosha flashi kama mtoto aonyeshaye kidole kilichokatwa:
"Nipe ile ya yule mrefu anayelia."
Nami nampa.

Wa kwanza leo ni Kazungu, mlinzi wa benki,
mato mekundu kwa makesha mawili,
ya kazini na ya wapelelezi.
"Sehemu kumi wamtafuta mwuaji,
na mpishi yuko jikoni tangu ya kwanza,
hakuna aliyemuuliza neno!
Mie ningeanza na mpishi.
Mwenye ufunguo wa ghala ndiye mwenye habari."
Upuuzi mtupu, asema.
Nimwekee msimu wa pili.

Swabra wa saluni hapatani na Wakorea.
"Mtu kaachwa, yuwala tambi.
Kafukuzwa kazi, yuwala tambi.
Na busu lenyewe mpaka sehemu ya kumi na mbili,
mato wazi, kama samaki wa barafu.
Lakini yale makoti, shoga! Yale makoti!"
Jasho lamtiririka shingoni, feni imekufa,
naye atamani koti la sufi.

Nyevu alifika kabla sijafungua kufuli.
"Mbona hukuniambia mbwa hufa?"
Nikamwambia mimi naweka tu, siangalii.
"Basi angalia! Watoto hawakula usiku.
Yule mdogo kamfungia paka wa jirani kabatini, asife."
Alitaka shilingi zake hamsini.
Nikampa katuni.
"Hamna anayekufa?"
Bata, labda.
Akafikiri.
"Bata sawa."

Kuhusu majini ya Kizungu wateja wangu wameafikiana:
hayatishi.
Jini gani kazi yake kubamiza milango?
Halina harufu, halina kiti, haliombi kitu,
hata halua.
Na wale watu! Nyumba yawaambia tokeni,
wao washika tochi washuka chini kutazama.
"Mie ningelala kwa mamangu usiku uo huo,"
asema Famau, fundi wa friji,
"kodi nimelipa, na iliwe."

Famau huyo huyo hupenda filamu za Kihindi za saa tatu
kwa sababu ya stima.
"Ikikatika, ikarudi,
wakuta bado wako harusini."

Halafu kuna Bi Mwanaharusi wa Mishomoroni.
Huja Ijumaa baada ya alasiri, kwa tamthilia ya Kituruki.
Hamlaumu mtungaji. Huwalaumu wenyewe.
"Yule mkaza mwana ana ulimi, nimemwambia."
Umemwambia nani, Bi?
"Yeye. Jana. Kanitazama tu, kenda zake bustanini."
Sehemu mia na arobaini na tatu amewakanya,
amewaombea dua;
babu yao alipougua
alinipigia simu Jumanne kuuliza kama kaamka.

Leo nilimwekea ya mwisho.
Hakupaza sauti. "Hii itoe."
Bi, ndiyo mwisho, wanapatana.
"Najua watapatana. Mie nilishawasamehe zamani.
Lakini wakipatana watazima taa,
na mie nyumba yangu ina vyumba vinne."
Nikaifuta mbele yake.
Akalipa kamili, akaniuliza
ile ya kwanza kabisa, walipohamia,
kama bado ninayo.

Mimi filamu huijua kwa uzito wake
na kwa mstari wa kijani ujaao polepole.
Dakika nne: mtu kazaliwa, kapenda, kazikwa,
mimi nakunywa chai.
Wakiniuliza ni nzuri? nasema inaenda sana.

Jua likielekea Mikindani nafunga.
Kazungu apita kwenda lindoni, sare kamili, hajalala.
Asimama. Avua kofia.
"Si mpishi," asema,
kama mtu aliyefiwa.
Basi nani?
"Usiniulize.
Kesho niwekee ya tatu."