Fundo

Sikusikia kitu.
Ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza,
maana wote wanataka niwape maumivu.
Nilitawadha, nikasali, nikakaa barazani kwangu hapa Konde
na kofia ya viua mapajani, ya Bwana Shaame wa Micheweni,
ya harusi ya mwanawe, imebaki mistari miwili.
Nikainua sindano nitie uzi
na tundu la sindano halipo.

Nikafumba jicho la kulia: dunia ikafungwa.
Nikafumbua: ikarudi, nusu, kama nyumba iliyouzwa upande.
La kushoto, pembeni kabisa,
lilibakisha ukingo wa mkeka
na kidole gumba cha mguu wangu.
Basi.

Dada Mize akasema ni kijicho.
"Nani mwengine Konde ashonaye kama wewe?
Wamekutupia jicho, limefikia jichoni."
Siku ya kwanza nikanywa kombe la zafarani.
Ya pili nikafukizwa ubani hata nikakohoa.
Ya tatu mkwe wangu Hamad kaja na gari ya kuazima,
kasimama mlangoni, kanuna:
"Mama, ukimaliza kukohoa, ingia."

Chake. Daktari ni binti wa Kiwani, maneno yake ya kwetu kwetu.
Akanitia matone, jicho likaachama kama mlango usio komeo,
akapiga picha, akanigeuzia kioo cha mashine:
"Jicho lako hilo, bibi. Kwa ndani."

Nikalitazama jicho lisiloona kwa jicho linaloona.
Jeupe, weupe wa tui,
na katikati doa moja jekundu,
kama kichwa cha karafuu iliyokwiva mtini.
Na nyuzi! Nyuzi nyembamba, zimetawanyika toka shina moja,
kila moja inajua inakokwenda.
Miaka arubaini nashona,
sijawahi kupata mkono ule.

"Hapa," akaonesha shinani. "Mshipa umeziba.
Chembe ya mafuta, au damu iliyoganda,
imetoka shingoni, au moyoni, imesafiri,
imefika pembamba, imekwama."
"Fundo," nikasema.
Akafikiri. "Fundo."

Basi lifumue, mwanangu.
Mafundo mimi nayafumua kila siku,
kwa ukucha, kwa ncha ya sindano, kwa mate na subira.
Akauliza lilifunga lini.
Jumatatu, alfajiri.
Ilikuwa Alkhamisi, saa tano mchana.
"Pale pakikosa damu, bibi, tunahesabu saa,"
akasema, na siku hakuzitaja.
Akaandika polepole,
kama mtu anayetafuta neno jengine.

Halafu akauliza vidonge vya presha.
Vipo.
Vipo wapi?
Kwenye kopo la vifungo, tangu Mfunguo Nne.
"Presha haiumi," nikajitetea.
"Na jicho liliuma?"

Sasa navinywa. Nakunywa na vya kulainisha damu.
Hili la kulia ndilo tunalolilinda, mimi na yule binti,
kama watu waliobakiwa na kibiriti cha njiti moja.
Chai namimina nje ya kikombe.
Ngazi ya mwisho kila siku inanidanganya.
Kidawa, mjukuu wangu, kabla ya kwenda skuli
hunitilia uzi sindano kumi, akazichoma kwenye mto, safu moja,
na akirudi huhesabu zilizobaki bila kusema kitu.

Kofia ya Bwana Shaame niliimaliza.
Mstari wa mwisho umekwenda upande, viua saba vimelala.
Sikuufumua.
Bwana Shaame aliigeuza geuza, akalipa, hakuona.
Bwana harusi aliivaa, akapigwa picha, hakuona.
Ukumbi mzima ule, macho mawili mawili.

Na mimi kila alfajiri, kabla ya kutawadha,
nafumba la kulia.
Sijui nangoja nini.
Ukingo wa mkeka upo.
Kidole kipo.