Vipimo vya Kanali Kapela

Mara ya kwanza alikuja kwangu Isevya
na kiuno cha inchi ishirini na nane,
nyota moja begani, mpya kama bati la jirani.
Pumua, nikamwambia, nikupime vizuri.
Hakupumua. Alisimama tu wima,
kana kwamba mimi, Mwajabu wa cherehani, ni gwaride.

Vita vilipokwisha alirudi na ishirini na sita.
Akanipa karatasi ya pakiti ya sigara,
majina tisa, penseli.
"Ishone kwenye bitana, upande wa moyo."
Nikashona. Sikuuliza.

Kapteni, thelathini na moja.
Meja, thelathini na tatu na nusu.
Kila gwanda jipya nilifumua la zamani,
nikawahamisha wale tisa,
kama mtu anayehamisha vifaranga kabla ya mvua.

Kisha akastaafu, akataka kaunda suti,
rangi ya ugoro, mfuko wa ndani,
na mfuko mwingine ndani ya huo.
Thelathini na tisa.
Na karatasi, Kanali?
"Fundi, gari linaningoja, nina mkutano Sikonge."
Nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Nilimsikia uwanjani: "Askari hasemi uongo!
Tumbaku yenu itapimwa kwa haki!"
Shemeji yangu alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka.
Msimu ule mzigo wake ulitoka nyumbani kilo themanini,
ukafika mizani na sitini na nne.
Ujumbe ukamfikia mheshimiwa. Ukakaa huko miaka kumi.

Juzi kaja kwa bodaboda, jioni, hana msafara.
Kura za maoni kachukua kijana muuza simu.
Mkononi gwanda lake la mwisho, limekunjwa kwenye mfuko wa sukari.
"Lipanue. Jumamosi ni Siku ya Mashujaa."
Arobaini na nne, Kanali.
Hapa hakuna kitambaa cha kuachia.

Nikamwaga kopo mezani.
Akavaa miwani, akasoma kwa kidole:
Nkwabi. Mhoja. Chacha. Wawili wa Mpwapwa. Sizya.
La saba, penseli imefutika.

"Huyu ndiye aliyenibeba," akasema.
"Huyu. Alikuwa na pengo hapa mbele.
Huyu..."

Treni ya Kigoma ikapiga honi, imechelewa kama desturi.
Nilikuwa nimeshika chaki,
nangoja aniambie nikate wapi.